Chai Juu ya Boneti

Sisi tuliokulia Busia, upande wa Uganda, tulijua magonjwa ya gari kabla hatujajua kuzidisha. Siku hizi fundi kijana anachomeka kimashine chake kwenye gari, anatazama simu, anakutajia ugonjwa, na boneti hajaifungua. Enzi zetu gari lilipimwa kwa chai.

Baba alikuwa msafirishaji, na gari lake kuukuu tulilipenda kuliko baadhi ya ndugu zetu. Kila asubuhi aliliwasha, akaweka bilauri ya chai ya rangi juu ya boneti, akarudi nyuma, mikono kiunoni. Chai ikitulia, safari ipo. Ikimwagika, haendi mtu popote, na sisi watoto tulijua tumpishe.

Sasa, wiki ya harusi ya shangazi Mwajuma, gari likaanza vituko. Barabarani lilikwenda vizuri, lakini ukisimama tu linatetemeka kama mtu mwenye malaria, kisha, likipenda, linazima. Na Jumamosi ndilo lililopaswa kumpeleka bi harusi Tororo. Shangazi hakuficha. "Hii gari ikizima mbele ya wakwe," alisema, "mimi narudi nayo. Siolewi."

Baba akafungua plagi zote nne, akazisugua kwa msasa, akazirudisha. Chai ikamwagika. Akaamua ubaya ni petroli ya Kenya. Akamwita rafiki yake, fundi Wafula, kutoka ng'ambo ya mpaka, upande wa Kenya, mtu asiye na haraka, akaja kwa miguu na spana mfukoni. Wafula akasikiliza, akanusa tangi, akasema hapana, ubaya ni petroli ya Uganda. Basi wakabishana mpaka adhuhuri. Wakamwaga ya huku wakatia ya kule, wakamwaga ya kule wakatia ya huku. Chai ikamwagika kwa petroli za nchi zote mbili, mpaka mama akaanza kuwaletea chai isiyo na sukari.

Mimi nilijitenga na gari. Maana siku chache nyuma tulikuwa tukicheza hospitali, nami nilikuwa daktari bila kifaa cha kusikilizia moyo. Boneti ilikuwa wazi, na chini ya kabureta, mahali ambapo mkono wa mtu mzima haufiki, palikuwa na kampira keusi kama kamrija, kazuri kweli. Nikakachomoa, nikafunga kizibo cha soda upande mmoja, nikawatibu binamu zangu wote. Wawili niliwalaza.

Ijumaa shangazi akaanza kulia, hina ya mikononi bado mbichi. Hapo nikashindwa kuvumilia. Nikapenya katikati ya baba na Wafula, injini ikitetemeka, nikaingiza mkono na kuziba tundu nililoliacha wazi kwa kidole gumba. Kidole kikanyonywa, na gari likatulia. Chai, ambayo baba aliitegesha juu ya betri kwa kuwa boneti ilikuwa wazi, ikakaa kimya kwenye bilauri. Wafula akanitazama, akamtazama baba, akaanza kukusanya spana zake kama aliyekumbuka ameacha chungu motoni. Nilingoja kiboko. Baba akasema tu, "Daktari, leta kifaa chako."

Kesho yake shangazi alifika Tororo, na baba akakataa kuzima injini mlangoni kwa wakwe mpaka bi harusi alipoingia ndani, ili watu wasikie vizuri.

Juzi gari langu, nalo si changa, likaanza kutetemeka. Kijana wa kimashine akaniambia halina kosa lolote, simu inasema ni zima. Nikalipeleka kwa baba. Siku hizi masikio yake ni mazito, na Wafula tulishamzika. Akatoka na bilauri yake, akaiweka juu ya boneti, akaikodolea macho. Chai ikamwagika. Nikangoja aanze na petroli ya upande ule, maana, jamani, ule ubishi wao naukumbuka sana. Lakini hakusema neno juu ya petroli. Alinigeukia mimi, bibi mwenye wajukuu wawili, akaninyooshea kiganja.

"Daktari," akasema, "leta kifaa."