Pigo Lililokosekana

Wapiga gitaa wa zamani wa Lebrija, mji mdogo wa kusini mwa Uhispania, walikuwa na tabia moja ya kuudhi. Ukiingia wakiwa wanapiga, na wewe si wa ukoo wao, walikugeuzia mgongo. Hawakukufukuza, wala hawakukukaripia. Waligeuza kiti taratibu, mkono wa kushoto ukapotelea nyuma ya bega, nawe ukabaki kusikiliza bila kuona vidole vinakwenda wapi. Kila mzee alikuwa na vipande vyake, vile vinavyopigwa wakati mwimbaji anavuta pumzi, na alivilinda kuliko alivyolinda binti zake.

Anselmo Barea hakuwa wa ukoo. Alikuwa kinyozi mtoto wa kinyozi, na tangu utotoni alikuwa na ugonjwa mmoja tu, gitaa. Alichotaka hakikuwa kikubwa. Alitaka siku moja, mbele ya watu, Shangazi Gaspara, kama wote walivyomwita, amtazame yeye, amwambie "Piga," halafu afungue kinywa aimbe. Gaspara aliuza konokono sokoni, na sauti yake ndiyo iliyokuwa sauti ya mtaa mzima. Hakuwahi kuimba na gitaa la mtu wa nje.

Lakini kinyozi naye alikuwa na lake. Kwenye ukuta wa nyuma wa duka, juu ya benchi la wateja, kulikuwa na kioo kirefu alichoachiwa na baba yake. Wazee walikuja Jumamosi kunyolewa. Waliosubiri zamu walishusha gitaa lililotundikwa ukutani, wakajigeuza kama kawaida yao, wakafumba macho, wakapiga. Huku wamempa Anselmo mgongo, walikuwa wamekipa kioo uso. Anselmo alimpaka mteja povu taratibu kuliko ilivyohitajika, akatupa jicho kwenye kioo, akaiba. Duka likishafungwa alikaa na gitaa akakirudia kila alichokiona mpaka vidole vikamuuma. Miaka ikapita hivyo, na wizi ule ulimpa raha ambayo hata mkewe hakuweza kumpa.

Mkubwa wa wazee wote alikuwa Mjomba Bastián, fundi wa kukata manyoya ya nyumbu wa mizigo, mtu mwenye ulimi mkali na vidole laini. Asubuhi moja, katikati ya kupiga, alifumbua macho. Ndani ya kioo yakakutana na macho ya kinyozi. Anselmo aliinamisha kichwa akajifanya anatafuta taulo. Bastián alitabasamu, akafumba macho tena, akamalizia kipande chake.

Jumamosi iliyofuata alikuja na kipande kipya. Kilikuwa cha soleá, ule wimbo wa polepole wa mapigo kumi na mbili, na kilikuwa kizuri mpaka Anselmo nusura amkate mteja sikio. Bastián alikipiga tena na tena, Jumamosi baada ya Jumamosi, polepole mno, na hakuna mzee aliyempigia makofi ya kuhesabu mapigo kama desturi yao. Walikaa kimya wakitazama sakafu. Anselmo akadhani ni heshima.

Mwaka ule mkewe alijifungua binti, wakamwita Virtudes. Bastián aliposikia habari za ubatizo alimshika kinyozi bega.

"Tutakuja, mwanangu. Na utakayepiga ni wewe. Nimeshaongea na Gaspara."

Anselmo alilia pale pale, wembe mkononi, na hakuona haya.

Siku ya ubatizo ua wake ulijaa. Watoto waligombania lozi za sukari, divai ikamwagwa kama maji, mtoto akapokezanwa kutoka paja hadi paja. Hatimaye Bastián mwenyewe akampa Anselmo gitaa. Shangazi Gaspara akavuta kiti mbele yake, akamtazama, akasema neno ambalo kinyozi alilisubiri maisha yake yote.

"Piga."

Akapiga. Alianza na vipande vya kawaida, makofi ya wazee yakamfuata, kisha akaingia kwenye kile kipande cha Bastián, kwa mapenzi, kama mtu anayemrudishia mwenye mali shukrani. Vidole vilikwenda safi. Gaspara akafungua kinywa mahali pa kuingilia, akakifunga. Makofi yalikuwa bado hayajafika, gitaa limekwishafika. Anselmo akakirudia, na safari hii makofi yakatawanyika kabisa, kila mtu na lake, kisha yakanyamaza.

"Hebu tuhesabie, kinyozi," Bastián alisema kwa upole. "Soleá ina mapigo mangapi?"

"Kumi na mbili, Mjomba."

"Ahaa. Mimi nimesikia kumi na moja. Nyie je, wenzangu?"

"Kumi na moja!" wakaitikia.

"Basi moja limemezwa na kile kioo chako! Siku nyingine ukiiba, baba, iba na masikio pia!"

Ua mzima ukaangua kicheko. Walijua wote, na walikuwa wameisubiri siku hii tangu majira ya kuvuna zeituni. Gaspara alicheka mpaka akafuta machozi kwa shali la mtoto. "Mpeni kinywaji Kumi na Moja!" mtu akapaza sauti. Jina likamganda kuanzia hapo. Padri ndiye aliyembatiza mtoto, lakini aliyebatizwa kweli siku ile alikuwa baba.

Mtu mwingine angefunga duka akahamia Sevilla. Anselmo Jumamosi alifungua. Aliwanyoa wote, akawapulizia manukato, akawatakia siku njema. Bastián kila akiingia alikisalimia kioo kwanza, akakiinamia na kukivulia kofia, na benchi zima likacheka upya. Hilo aliendelea kulifanya miaka na miaka, na sioni jina jingine la kulipa zaidi ya ukatili. Virtudes alipoanza shule alirudi na gauni limechanika, kwa sababu mtu amemwita baba yake Kumi na Moja naye hakukubali. Alipigana hivyo mpaka akawa mwanamwali. Nyumbani kwao jina lile halikutamkwa hata na mgeni.

Anselmo hakupiga tena mbele ya watu. Lakini duka likishafungwa alikaa peke yake akilitafuta pigo lililokosekana. Alilitia mwanzoni, akalitia mwishoni, akalisogeza huku na huku, kipande kikakataa. Alilipata siku moja alipochoka, mkono ukasita wenyewe katikati. Pigo lile lilikuwa kimya. Mzee alikuwa ameondoa mahali pa kunyamaza, na kunyamaza hakuonekani kwenye kioo. Akakipiga kizima, na upande wa pili wa ukuta Virtudes, aliyekuwa akimenya viazi, akaacha kumenya. Tangu hapo msichana alikisikia karibu kila siku, na hakuna kitu alichojivunia zaidi, ingawa hakuwa na mtu wa kumwambia.

Wazee wakafa, Gaspara naye akawafuata kaburini. Watoto wa Bastián walikwenda Ujerumani kufanya kazi viwandani, na hakuna kati yao aliyejua hata kukaza uzi wa gitaa. Bastián mwenyewe alikuwa amekataa maisha yake yote kurekodiwa, kwa kuogopa wezi. Kisha kiharusi kikamwangukia. Kikachukua mkono wa kushoto na ulimi, kikamwachia mkono wa kulia na akili yake timamu.

Anselmo alikuwa akienda kumnyoa nyumbani, na Virtudes akimbebea bakuli la maji. Siku moja walimkuta huko Don Leandro, bwana mmoja kutoka Madrid mwenye mashine ya kurekodi na adabu nyingi.

"Nimechelewa," alisema. "Soleá ya huyu mzee imesifiwa kila nilikopita. Hakuna anayeijua?"

Bastián akanyanyua mkono wake mzima. Akaonyesha gitaa ukutani, kisha akamwonyesha kinyozi, mtu pekee aliyebaki akikijua kipande chake. Anselmo hakusogea. Mzee akaonyesha tena, midomo imepinda, machozi yanamtiririka kwenye povu la sabuni. Halafu akakisukuma kiti kwa miguu, kwa tabu, mpaka kikageuka na uso wake ukatazamana na Anselmo. Mtu aliyewapa wengine mgongo miaka yote sasa alikuwa anaomba.

Anselmo alifuta wembe, akauweka chini, akachukua gitaa. Don Leandro akawasha mashine.

Akapiga kumi na moja.

Mzee alishtuka kama aliyechomwa. Kipande kiliporudi, akagonga mkono wa kiti kwa kidole, ko! pale pale penye kimya. Kikarudi tena, akagonga tena. Don Leandro akasimamisha mashine.

"Samahani, kuna kitu kinagonga."

"Ni mzee," alisema Anselmo. "Mkono unamtetemeka, maskini. Virtudes, mshike mkono."

"Baba, mbona nyumbani hukipigi hivyo?"

"Mshike mkono, nimesema."

Virtudes alipiga magoti, akaufunika mkono wa mzee kwa mikono yake miwili. Mashine ikawashwa. Anselmo akapiga safi, bila kosa jingine, mara tatu. Ndani ya viganja vya Virtudes kile kidole kiligonga, kikagonga, kisha kikatulia.

"Ajabu," Don Leandro alisema, akimpa mkono kinyozi. "Inachechemea kidogo, lakini ndivyo walivyopiga wa kale. Nitaandika jina lake kamili: soleá ya Bastián wa Lebrija."

"Andika," alisema Anselmo. Akamalizia kumnyoa mzee, ambaye hakumtazama tena, akampaka manukato, akamtakia siku njema. Moyo wake ulikuwa mwepesi. Hakuwahi kujisikia hivyo tangu kabla ya ubatizo ule.

Nje, barabarani, alimsubiri binti yake watembee pamoja kama kawaida. Virtudes alisimama mlangoni na bakuli mkononi, akayamwaga maji machafu kwenye mfereji.

"Nenda tu," alimwambia. "Mimi nabaki kidogo na mzee. Tangulia, Kumi na Moja."