Yule wa Glavu

Niseme mapema ili tusisumbuane: picha za karate sikuzipenda, na za Kihindi nilizivumilia tu. Mimi nilipenda zile za zamani za Marekani, zisizo na rangi, ambazo katika Bariadi nzima zilikuwa na mpenzi mmoja. Mpenzi huyo alikaanga maandazi nje ya banda la video, jirani na mnada, na nywele zake zilinuka mafuta kuanzia Jumatatu hadi Jumapili.

Zilikuwa enzi za ruksa, biashara imefunguliwa kwa kila mtu. Mitumba ilikuwa imeingia kwa fujo, wanunuzi binafsi wa pamba walianza kuonekana na mizani zao, na kila mwenye jenereta alijiona mfanyabiashara. Mwenye banda letu alikuwa fundi wa zamani wa kinu cha pamba. Alinunua deki, televisheni na boksi la kanda kwa familia moja ya Mwanza iliyokuwa inahama nchi. Ndani ya boksi, chini ya wapiga ngumi wote, kulikuwa na kanda tatu za wazungu wasio na rangi. Akajaribu moja, watu wakapiga miluzi na kudai mapanga, akazitupa pembeni. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni na beseni la maandazi, na tayari nilikuwa nimeshapotea.

Tukaelewana. Asubuhi, alipokuwa akiwasha jenereta kulipima kabla wateja hawajaja, angeniwekea kanda moja, nami ningempa chai na maandazi ya moto. Alidhani nitachoka baada ya wiki. Hakunijua.

Majina ya waigizaji wale sikuyajua. Yalipita mwanzoni upesi, meupe juu ya weusi, na kanda zenyewe hazikuwa na lebo. Nikawabatiza mwenyewe. Kulikuwa na Yule wa Kicheko, aliyekuwa akicheka kichwa kimeegemea nyuma hadi unaona koo lote. Kulikuwa na Yule wa Gari, aliyeendesha mwenyewe huku mwanamume kakaa pembeni ameshika kofia yake kwa woga. Na kulikuwa na Yule wa Glavu. Jamani, Yule wa Glavu! Kabla hajajibu neno alikuwa anasubiri kidogo, jicho moja limepanda, na mwanga unamwangukia shavuni tu, kwingine kote giza. Niliiga jicho lile mbele ya kioo mpaka mama akaniuliza kama nimeingiwa na mdudu.

Yule wa Glavu alikuwa mwandishi wa gazeti. Tajiri mmoja alikuwa amemvisha pete, kisha akamwambia achague, ama yeye ama gazeti. Yule mwanamke anavua pete, anaiweka mezani. Halafu anavaa glavu zake, kidole kimoja baada ya kingine. Yule mwanamume anaongea, anatisha, anabembeleza. Yeye anavaa glavu. Hasemi kitu mpaka anafika mlangoni, na mlango unafungwa. Mimi nilikulia mahali ambapo mwanamke akinyamaza inahesabiwa amekubali. Huyu alinyamaza, na alikuwa amekataa.

Dakika chache baadaye alikuwa anarudi, nywele zimelowa mvua, anamwangukia yule tajiri kifuani, na muziki unalia. Hapo mimi nilikuwa natoka nje kugeuza maandazi. Kila mara. Sikutaka kuona.

Siku moja kwenye mitumba nikapata glavu nyeupe, imechakaa kidogo. Ilikuwa moja tu, ya mkono wa kushoto. Mama akauliza nyingine iko wapi. Nikamwambia moja inatosha, mkono wa kulia ni wa kazi.

Mambo yaliharibika mwezi wa palizi. Mwenye banda alinitangazia kwamba kuna mtu Mwanza ana mieleka mipya, na kwa kuwa kanda tupu ni ghali, atairekodi juu ya zile tatu zangu. Nikabishana, nikaomba, nikanuna. Akacheka.

"Jaza mabenchi haya siku moja ya mnada," akasema, "kanda zote tatu chukua."

Nikamwambia sawa, anisubiri mpaka palizi iishe. Akasema atasubiri, maana hakuna mtu atakayekuja. Na kweli, nilipopita kwa vijana waliokuwa wakijazana pale, waliniuliza kama kuna mtu anayepigwa. Nikasema hakuna. Wakaniuliza sasa wanakwenda kuangalia nini.

Wanaume nikawaacha. Nilimgeukia mama. Mama alikuwa mjane, na alikuwa kwenye kikundi cha wanawake cha kulimiana, wasiozidi ishirini, wengine wakitoka vijiji vya karibu na Migato. Leo wote wanapalilia pamba yako, kesho wote wanapalilia ya jirani, kwa zamu mpaka zamu ziishe. Mama alikuwa na heshima kubwa mle, ingawa pamba yake yenyewe, ikishavunwa, ilichukuliwa na baba mdogo, ndugu wa marehemu baba, akaiuza yeye kwa jina lake na kumletea mama alichoona kinafaa. Ndivyo ilivyokuwa, na hakuna aliyeuliza.

Nikamwomba mama awalete wenzake bandani. Mwanamke mwenye heshima hakuingia kwenye banda la video, hilo alilijua kila mtu. Lakini hakunijibu hivyo.

"Umelima kwa nani?" akaniuliza.

Nikaelewa. Watu hawaji burebure. Mtaka cha uvunguni sharti ainame, na mimi niliinama wiki tatu nzima. Nilikaanga maandazi alfajiri, nikamwachia jirani auze, nikabeba jembe. Nilipalilia kwa huyu, nikapalilia kwa yule, hadi mashamba ambayo wenyewe walikuwa wameyakatia tamaa. Mimi msichana niliyemaliza kidato cha nne, niliyekuja na glavu moja! Walinicheka vizuri tu. Mgongo ukauma, malengelenge yakapasuka, yakaota mengine. Kila nilipotaka kukaa chini nilimwona yule fundi akibonyeza kitufe chekundu cha kurekodi, nikainuka.

Zamu yangu ikafika. Wakaniuliza shamba langu liko wapi. Nikasema liko mnadani.

Walikuja. Kumi na saba, baadhi na watoto mgongoni, na kila mmoja na jembe lake begani, kwa sababu zamu ni zamu. Watu wa mnada waliacha kununua wakawa wanatazama. Mama alitangulia. Aliinamisha kichwa kupita mlangoni, akasimamisha jembe ukutani, akakaa benchi la mbele, na baada ya hapo hakuna aliyeona aibu. Ukuta wote ukawa na majembe. Mwenye banda aliangalia mabenchi, akaniangalia.

Jenereta likawashwa. Nikasimama kando ya televisheni nikaanza kutafsiri, Kisukuma kwa wingi, Kiswahili pale nilipokwama. Kiingereza changu kilikuwa cha nusu, nusu nyingine nilijaza mwenyewe. Mambo yalikwenda vizuri mpaka tajiri alipotoa pete. Nikaona nyuso zimetulia tu. Kipande cha chuma kwenye kidole, basi? Nikaona hawajashtuka inavyotakiwa, nikasema ng'ombe ishirini wa mahari wameshafika kwa baba wa huyu binti.

Hilo lilikuwa kosa langu, na nililijutia papo hapo. Tangu dakika ile hawakutazama kitu kingine. Baba yake mbona haonekani? Ng'ombe wanalala wapi, mbona nyumba zote za ghorofa? Binti akipanda treni kwenda kutafuta habari za gazeti, mmoja alilalamika kwamba anazurura na ng'ombe wa watu wameshaliwa. Ilinibidi niseme kuna zizi nyuma ya nyumba, halionekani kwa sababu ya giza.

Lakini Yule wa Glavu hakuniangusha. Kidogo kidogo akawachukua. Jicho likipanda, nilisikia mtu anaguna. Tajiri aliposema achague, banda zima lilinyamaza, hata watoto. Akavua pete. Akaiweka mezani. Akachukua glavu ya kwanza.

Na hapo picha ikaruka, wakatokea wanaume wawili wenye chupi, wanene, wamekabana shingo.

Nilidhani deki imeharibika. Haikuwa deki. Nilimgeukia mwenye banda, naye akatazama chini. Alikuwa amejaribu kurekodi mieleka siku mbili kabla, alisema, kipande tu, kuona kama inakubali. Akasema mabenchi nimejaza, kanda ni zangu, sasa ninataka nini tena? Nililia. Sioni aibu kusema. Wiki tatu za jembe, na bwana huyu alikuwa na haraka ya kuona mieleka.

Nyuma yangu wanawake walikuwa wanaulizana kama hao wanene ni ndugu wa bibi arusi waliokuja kugombania ng'ombe. Mama hakuuliza hilo.

"Amefanyaje?" akasema. "Huyo binti. Amefanyaje?"

Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Nikamwambia fundi azime. Nikatoa glavu yangu moja mfukoni, nikasimama mbele ya televisheni tupu, na kwa kuwa nilikuwa nimeshaiona mara zisizo na idadi, nilijua kila kitu. Nikavaa kidole gumba. Nikaeleza tajiri anasema nini, nikavaa cha pili. Anatisha, cha tatu. Anabembeleza, cha nne. Sikuharakisha. Kidole cha mwisho kilipoingia nilitembea mpaka kwenye mlango wa banda, nikatoka, nikaufunga.

Nikasimama nje kwenye jua. Nilijua kinachofuata. Nilitakiwa niingie tena, nimelowa mvua, niangukie kifua cha mtu. Nilikuwa nimetoka nje kila mara ili nisikione kitendo hicho, na sasa mieleka imekifuta, halafu nikirudishe mimi kwa mikono yangu? Nikakataa. Nilipofungua mlango niliingia kama mimi, muuza maandazi, nikasema imekwisha.

"Na ng'ombe?" akauliza mmoja wa nyuma.

"Wanarudishwa."

"Wote?"

"Wote, na ndama waliozaliwa."

Wakaitikia kwa vichwa. Hilo walilikubali, ni jambo la haki. Wakachukua majembe yao wakatoka mmoja mmoja, na mama akatoka wa mwisho.

Kanda zile nikapewa. Moja ilikuwa haina mwisho, lakini zilikuwa zangu.

Pamba ilipovunwa mwaka ule, baba mdogo alikuja na mkokoteni kama kawaida. Alikuta mama ameshafunga marobota yake na ameshaagiza mkokoteni mwingine. Mama alisema anaipeleka mwenyewe kwa mnunuzi, kwa jina lake. Baba mdogo akaongea sana. Mama alikuwa anafunga kitenge kiunoni. Alifunga fundo, akalifungua, akalifunga tena vizuri, akaondoka. Kikao cha ukoo kikaitwa. Mama akaambiwa arudi kwa baba mdogo aombe radhi, mambo yaishe. Hakurudi. Mwaka mzima baba mdogo hakumsalimia, na hata palipokuwa na msiba walikaa pande mbili. Hakurudi. Pamba ile ndiyo iliyonipeleka chuo.

Picha yenyewe niliitafuta miaka na miaka bila jina la kuitafutia. Mwaka jana tu nikaipata kwenye simu, nzima. Nikasafiri nayo mpaka Bariadi, ambayo siku hizi ni makao makuu ya mkoa na ina lami. Mama amezeeka, macho yake si mazuri, ila alimtambua Yule wa Glavu mara moja. Alitaka kujua zizi liko wapi.

Zilipofika glavu nilinyoosha kidole nizime. Mama akaushika mkono wangu. Basi tukaona wote wawili: mvua, mlango, kifua, muziki.

"Kumbe alirudi," akasema.

Nikasema ndiyo, alirudi. Nikamwambia nilijua tangu siku ile. Nikangoja anigombeze.

"Ungetuambia," akasema taratibu, "na mimi ningerudi."

Kisha akanirudishia simu, akataka kujua kama ile glavu bado ninayo.