Mbwa Asiyejua Kamba

Mume wangu alikuwa na elimu moja tu ya kujivunia, nayo ilikuwa ya mbwa. Mbwa akifungwa, alisema, anakuwa mjinga. Sukari yetu aliifungia kwenye sanduku la bati, ufunguo akauvaa shingoni. Kuku walilala nyuma ya kufuli. Mbwa peke yake ndiye aliyekuwa na uhuru nyumbani kwetu, kuliko hata mimi.

Sikatai, kule Kilungu tulikotoka haikuwa shida. Milimani kila mtu alimjua mbwa wa kila mtu. Akitoka asubuhi, jioni utasikia amepigwa jiwe kwa jirani kwa kulamba uji wa watoto, na huyo anarudi. Lakini miaka ya sabini tulihamia Kambu kutafuta shamba kubwa, na Kambu si Kilungu. Upande huu kuna barabara ya Mombasa na malori yake. Upande ule ni kichaka kitupu: mitego ya wawindaji, fisi, mbweha. Paka wetu, niliyembeba kwenye kiondo njia nzima, alimaliza siku nne tu. Tulimkuta amebandikwa kwenye lami.

"Baba yao," nikamwambia, "huyu mbwa tumfunge, hata mchana tu."

"Paka hana akili," akajibu. "Mbwa wangu anajua kuangalia kushoto na kulia."

Ati kushoto na kulia! Mzee wa kanisa mzima, na hata hakucheka.

Mimi hofu yangu ilikuwa kitinda mimba wetu, msichana wa miaka sita. Yeye na yule mbwa walikuwa chanda na pete. Ugali wake alimgawia, tonge kwa tonge, mkononi. Chochote ambacho mbwa angeokota huko kichakani kingemfikia yeye kwanza.

Basi siku moja ikatangazwa kwamba daktari wa mifugo atakuja kwenye josho la ng'ombe kudunga mbwa sindano ya kichaa, na kila mtu alete wake kwa kamba. Nilifurahi sana. Nikaketi na mkonge, nikausokota pajani siku mbili, nikatoa kamba ya kushika hata ndama.

Wacha niwaambie tulivyofika. Mbwa wa wenzetu wanatembea vizuri, maana wamezoea. Wetu hajawahi kuonja kamba tangu azaliwe, kwa hiyo alilala chini akaburutwa kama gunia, huku anakoroma. Mume wangu akaingiwa na huruma. "Utamnyonga!" akaniambia, kana kwamba mimi ndiye niliyekuwa nimeishika, akailegeza. Zamu yetu ilipofika, mbwa alirudi kinyumenyume mara moja, akatoa kichwa, akatokomea. Mzee wa kanisa akabaki ameshika kitanzi kitupu mbele ya daktari.

Mwenye haya angeinama. Yeye akajipiga kifua: "Mnaona? Hata serikali haimwezi!" Watu wakavunjika mbavu. Na mimi, Mungu anisamehe, nilicheka pamoja nao. Daktari akasema alikuwa anaelekea josho la pili, tumpeleke huko kesho yake. Mume wangu akamjibu, "Mnyama amekataa sindano. Kwa nini nimlazimishe?" Binti yetu alikuwa ameshika nguo yangu, anasikiliza.

Kesho yake hatukwenda. Kamba yangu akaifungia mbuzi.

Haukupita mwezi, mbwa akarudi kutoka kichakani na sikio limeraruliwa. Mbweha, majirani wakasema, tena mbweha aliyezunguka maboma mchana bila woga. Mume wangu akamsifu mbwa wake kwa ushujaa. Nikaomba tena afungwe. Sikio la kufa halisikii dawa.

Wiki chache baadaye mbwa alianza kukimbia maji. Udenda ukamtoka, akawa anauma nguzo za zizi. Nilimwona asubuhi hiyo nikiwa jikoni, nikapiga kelele binti aingie ndani. Nilichelewa. Alikuwa ameshamwita kwa tonge la ugali, na mbwa akaukamata mkono wote.

Nilimwosha kwa sabuni na maji hadi vidole vyangu vikajikunja. Majirani walimuua mbwa kwa rungu. Mume wangu alisimama tu kando ya mbuzi wake. Nami sikumhurumia hata kidogo, nasema kweli.

Kila mtu kwetu alijua kichaa cha mbwa kikishaanza hakina dawa. Kabla hakijaanza kulikuwa na sindano, moja kila siku, siku kumi na nne, zote za tumboni. Binti yetu alipona, nisiwaweke roho juu, na leo ni mama wa watoto. Lakini siku ile ya kwanza hospitalini hakuna aliyejua atapona.

Muuguzi alimshika miguu, mimi mabega, baba yake mikono. Alirusha mateke mpaka akachoka. Kisha akatulia, akamtazama baba yake machoni.

"Baba, mbwa alikataa sindano ukamwacha aende. Na mimi nimekataa. Niache niende."

Mume wangu alianza kulia kwa sauti, mbele ya wauguzi na wagonjwa wote. Lakini ile mikono hakuiachilia.