Nilivyopinga Zabuni ya Madawati

Mimi ni seremala hapa Kenyenya. Majuzi niliomba zabuni ya kutengenezea shule madawati. Matokeo yalipobandikwa, nikaona imeshinda kampuni iitwayo Kilima Samani, ambayo sikukumbuka kuwahi kuisikia. Nikapeleka barua ya malalamiko kwenye ofisi ya zabuni, na mbele ya foleni nzima nikasema hiyo ni kampuni hewa.

Afisa, mama mpole, akafungua faili.

“Mzee, wakati wa kujisajili hapa uliandika majina mawili ya kampuni yako. La kwanza lilikuwa limeshachukuliwa, tukakusajili kwa la pili, Kilima Samani,” akasema. “Hii sahihi ni ya nani?”

Ilikuwa yangu. Foleni ikaangua kicheko. Nikaichana barua yangu huku nikicheka kuliko wote, maana aliyeshinda ni mimi.