Turubai la Pareto na Dawa ya Zirkoni

Mwaka ule nilihitimu shule ya usiku, na elimu ikanijaa kichwani hadi kofia ikakataa kuingia. Turubai la mama lilikuwa limechakaa, na pareto yake yote ilikuwa mikekani uani. Maua hayo yakilowa huota ukungu, na ghalani hayapokelewi. Nikamwambia, "Mama, usinunue jingine. Nitakutengenezea kitambaa kisichojua maji."

Dawa niliipata kwa Mwislamu mmoja mwenye duka mjini Kisii: kopo la maji meupe kama maziwa, chumvi ya zirkoni iliyochanganywa na nta. Mwalimu wetu alikuwa ametueleza kwamba mchanga mzito wa pwani huyeyushwa tanurini pamoja na magadi, kisha hutiwa asidi hadi chumvi hiyo ipatikane. Chumvi ndiyo huishikiza nta kwenye uzi wa pamba, na nguo bado hupumua, si kama mpira. Zirkoni hiyo hiyo, alisema, ndiyo hufanya vikombe vya bati viwe vyeupe.

Nikafua kitambaa kipana cha pamba mtoni, nikakichovya kwenye dawa, nikakikamua, nikakipiga pasi ya makaa hadi mkono ukafa ganzi. Nikakifunga kwenye nguzo nne uani, kikiwa kimekunjwa, mama awe anakikunjua juu ya mikeka mvua ikitishia.

Kesho yake, sokoni Kebirigo, nilikuwa nikimsomea fundi cherehani karatasi ya kopo kwa sauti ya mhubiri. Nikafika hapa: "Sabuni isibaki hata chembe, huzuia dawa kushika."

"Endelea, profesa," fundi akasema.

Nilikuwa nimesuuza nusu tu. Nusu ya pili ilibaki na povu juu ya jiwe, wanawake wakinifukuza niwapishe. Na sasa wingu jeusi lilikuwa limesimama juu ya Gesima. Mvua ya huku kwetu saa tisa haikosi kazi.

Nilikimbia kilima cha kwenda nyumbani kiasi kwamba mbwa waliona aibu kunifuata. Matone ya kwanza yalinikuta langoni, mazito kama maharagwe.

Mama alikuwa chini ya kitambaa, akitazama juu. Kulia maji yalibingirika kama shanga. Kushoto yalichuruzika moja kwa moja.

"Hapa ulisoma, na hapa ulilala?"

"Mama, ile sabuni..."

"Sabuni baadaye. Shika mkeka!"

Tukaiburuta mikeka yote upande wa kulia, ikapandana. Nafasi ya watu wawili haikubaki. Mama akajibanza ukingoni, akaninyooshea kidole upande wa kushoto. Nikasimama pale, maji yakinipita shingoni, nikipapasa maua kila dakika. Makavu. Mvua ilipokatika tulitupa konzi moja tu ya maua yaliyolowa.