Paka Asiyekubali Kuchongwa

Nilipohamia mtaa wa Kaloleni, jijini, na watoto wangu, mwaka wa sabini, Mativo nilimkuta yuko tayari, ameketi juu ya kigogo nje ya mlango wake, tezo mkononi, na vipande vya mti vimetapakaa mpaka kwenye kizingiti changu. Hata mizigo sijashusha nikamwambia:

"Mzee, takataka yako inaingia kwangu."

Hakuinua kichwa. "Mama, hiyo si takataka. Hizo ni zile sehemu za gogo ambazo si simba."

Nikajua jirani nimepata.

Mativo alitoka Wamunyu, huko Ukambani, ambako mtoto hupewa tezo kabla hajapewa suruali ndefu. Alifundishwa kuchonga na mjomba wake, na mafundisho ya mjomba yalikuwa haya: keti hapa, mtazame huyu simba niliyemchonga mimi, utoe mwingine kama yeye. Anza na kichwa, kwa sababu mnunuzi hutazama kichwa. Basi Mativo akaanza na kichwa, na miaka thelathini baadaye alikuwa bado anaanza na kichwa. Mkono wake ulijua wanyama watano: simba, tembo, kifaru, twiga na swala. Asubuhi anachonga, mchana anapiga msasa, jioni anawapaka rangi nyeusi ya viatu ili wageni wa duka la vinyago kule mjini wadhani ni mpingo. Mke wake, Nthoki, alikuwa Wamunyu na shamba lake, na Mativo humwendea mwisho wa mwezi. Siku nyingine zote, mtu wake wa kuzungumza naye alikuwa paka.

Huyo paka alikuja mwaka mmoja baada yangu, ndani ya lori la magogo, bila kualikwa na mtu. Wapakuzi walipovuta gogo la tatu, akaruka nje, akaketi mlangoni pa Mativo, akaanza kutazama kila anayepita. Alikuwa wa kijivu na kifua cheupe, kama amevaa shati la ofisini. Mativo akamwita Karani. Na kweli ukitoka kwako umechelewa, yule paka alikutazama kama anayekuandika jina.

Mimi na Karani hatukusalimiana. Mimi napika matumbo na chapati za kuuza, nawapelekea wafanyakazi karibu na ukumbi wa Kaloleni saa sita. Yule paka alijua saa sita kuliko king'ora cha reli. Ukigeuka kuchukua chumvi, umeibiwa. Miaka kumi! Nilimtukana kwa Kikuyu, kwa Kiswahili na kwa kile Kiingereza kidogo nilichotoka nacho darasa la saba. Mativo akisikia hunijia na kibakuli chake mkononi, ati anataka kununua matumbo, yaani alipe fidia bila kukiri kosa.

Mwaka wa themanini na moja, mwezi wa Julai, katika ile baridi ya kuingia mpaka kwenye mifupa, Karani hakutoka kwenye kikapu chake cha maranda ya mti. Alikufa usingizini, mzee kwa miaka ya paka, tumbo limeshiba. Jana yake tu alikuwa amenipokonya kipande kama kiganja changu.

Mativo alimzika nyuma ya nyumba, karibu na ua, ndani ya sanduku la majani chai. Jirani yetu Andati, wa reli, alikuja na koti lake la kazi akavua kofia. Watoto wakaleta pakiti ya maziwa ya shule, zile za pembe tatu, wakaimwaga yote juu ya udongo. Nikasema, jamani, maziwa mazima! Lakini nilisema polepole.

Nikadhani mambo yameisha. Wapi! Siku ya pili Mativo hakula. Siku ya tatu nikampelekea chapati, ya nne nikazikuta pale pale zimekauka kama soli. Tezo lilikuwa linalia tangu alfajiri, nikafikiri ana oda kubwa. Kumbe alikuwa anamchonga Karani.

Wa kwanza alimweka kwenye dirisha. Mtoto mmoja akapita akitoka shule.

"Sasa, mzee. Huyo simba ni wa nani?"

Mativo akamchukua yule wa dirishani akamkata manyoya ya shingo yote. Andati akaja jioni, akamzungusha, akamtazama huku na huku.

"Nimemwona," akasema. "Ni simba aliyetoka kwa kinyozi."

Wa pili alitoka chui. Wa tatu sijui alitoka nini. Andati alisema ni fisi aliyeokoka, na mimi nilicheka mpaka nikashika ukuta, kisha nikamwona Mativo hacheki hata kidogo. Sakafu ilikuwa imejaa wanyama waliotupwa, na magogo ya duka yako vile vile, hayajaguswa.

Nikaketi juu ya gogo moja. "Mzee, kuna nini? Paka amekufa, pole. Lakini wewe utamfuata?"

"Mama Phares," akaniambia, "sura yake inanitoka. Jana nilifumba macho nimwone, nikamwona simba. Simba wa mjomba."

"Huna picha yake?"

"Mwaka wa sabini na sita tulikwenda studio na Nthoki tukapigwa picha. Paka nikamwacha nyumbani." Akatikisa kichwa. "Mjinga mimi. Mke ningemchukua wakati wowote."

Nilitaka kucheka tena, lakini mikono yake ilikuwa imelegea juu ya magoti. Nikaelewa kwamba huyu mtu ana kitu kimoja tu anachotaka duniani, na anakipoteza kila asubuhi zaidi kidogo, na mkono wake mwenyewe ndio unaokifuta.

Andati akatuma habari Wamunyu kwa dereva wa basi. Nthoki akafika siku ya Ijumaa na mfuko wa ndengu kichwani, mama mfupi, mwenye sauti ya kuita ng'ombe ng'ambo ya mto.

"Nimeambiwa mume wangu hali chakula. Nikauliza, malaria? Wakasema, paka!" Akatua mfuko. "Mwaka ule nilipolazwa hospitalini ulikuja siku moja, ukauliza kama nyumbani kuna chai."

"Wewe ulipona," Mativo akajibu.

"Woi! Kosa langu ni kupona!"

Lakini alipoona wale simba vipara sakafuni, akainama. Akaokota mmoja, akamfuta vumbi na kanga yake. Kisha akatuita sote, mimi na Andati, akatuketisha kama kwenye kesi.

"Haya. Huyo paka alikuwaje? Anza wewe, baba."

"Alikuwa na macho ya upole," Mativo akasema.

"Upole!" Nikashindwa kuvumilia. "Mzee, ondoa upole hapo. Yule alikuwa mwizi."

"Mama Phares, marehemu..."

"Marehemu mwizi. Na hayo macho mimi siyajui. Miaka kumi sura ya yule paka sikuijali. Mimi niliona matako na mkia, vinakwenda na nyama yangu."

Mativo akainua kichwa. "Vinakwendaje?"

"Vinakwendaje nini?"

"Akikimbia. Anakwendaje?"

Swali hilo hakuna mtu aliyewahi kuniuliza, lakini jibu nilikuwa nalo kwa miaka kumi. Nikasimama. Nikamwambia kwamba Karani hakukimbia moja kwa moja. Alikwenda chini chini, tumbo karibu liguse udongo, mguu wa nyuma wa kushoto ukitokeza nje kidogo kama wa mzee mwenye goti bovu. Mkia ulisimama, lakini ncha imepinda. Akifika kwenye mfereji wa maji anasimama, na nyama mdomoni, anageuza kichwa juu ya bega aone kama nimevua patipati, kandambili yangu, nimrushie. Nikiwa nimeivua, anaendelea. Nikiwa natukana tu, anaketi pale pale anakula.

"Bega gani?" Mativo akauliza.

"La kushoto."

"Rudia. Kuanzia chungu."

"Nirudie nini, mzee? Mimi si paka."

Nthoki akamgeukia Andati. "Wewe, baba, uwe paka."

Andati ni mzee wa kanisa, ana wajukuu. Akatutazama mmoja mmoja. Kisha akavua kofia ya reli, akaiweka kwenye dirisha, akachukua kitambaa cha sahani akakiuma mdomoni. Nikamwekea chungu mbele yake nikageuka kuchukua chumvi. Alipoanza kuondoka chini chini kuelekea mferejini, watoto walitoka kila mlango. Nikavua patipati.

"Mguu!" nikapiga kelele. "Huo mguu wa kushoto, utoe nje!"

"Hautoki!" Andati akajibu na kitambaa mdomoni.

"Yeye wake ulitoka!"

Akautoa. Akafika mferejini, akasimama, akageuza kichwa juu ya bega la kushoto akanitazama. Na kwa dakika hiyo, naapa, mkono wangu ulirusha patipati wenyewe. Ilimpata mgongoni. Watoto walianguka chini kwa kicheko. Nthoki alikuwa anafuta machozi kwa kanga. Andati akaapa kwamba hiyo ndiyo mara yake ya mwisho kusaidia wafiwa.

Mativo peke yake hakucheka. Alikuwa amechuchumaa pembeni ya njia, akitazama. Tangu nimjue, sikuwahi kumwona akitazama kitu chenye uhai namna hiyo. Miaka yote alikuwa akitazama mti.

Akaingia ndani akatoka na kipande cha mti wa muhugu kilichokuwa kizito na kizuri, kile alichokuwa ameficha kwa ajili ya tembo mkubwa. Akakigeuza, akaweka tezo upande ambao hakuna aliyetegemea. Alianza na mkia.

"Mjomba atafufuka," Nthoki akasema.

"Afufuke. Atanikuta kazini."

Alichukua siku nne. Mkia, mgongo, mguu mbovu, bega. Kila baada ya muda ananiita nje: "Mama Phares, tumbo lilikuwa chini hivi?" Nami, na mikono ya unga, namwambia chini zaidi. Nikamwambia na sikio la kulia lilikuwa na pengo, kwa sababu hilo pengo nililitia mimi na mwiko, mwaka wa sabini na tano, na sijawahi kukiri. Akanitazama kidogo.

"Uliniambia ni mbwa wa barabara ya Jogoo."

"Basi sasa nakuambia ni mwiko."

Akatia pengo. Kichwa kilikuja mwisho kabisa, na sijui kama alikichonga au kilikuwa kimebaki tu pale, maana mwili wote ulikuwa umekwisha kusema kichwa kiwe wapi. Hakumpaka rangi ya viatu. Alimpiga msasa mpaka mti ukang'aa wenyewe, akamweka chini kwenye njia, si dirishani.

Tulisimama. Andati akavua kofia tena. Nthoki akasema, "Nusura nimfukuze." Mimi nilimwinamia nikamtukana kwa Kikuyu, lile tusi la siku zote, kisha nikasimama pale nimeshika kiuno.

Mativo alikuwa anacheka. Alianza polepole, mabega yakitikisika, kisha akaketi chini kwenye udongo akacheka na kulia pamoja, na Nthoki akamwacha mpaka akamaliza. Alipomaliza akaomba chakula. Alikula chapati tano.

Sasa, mtu mwingine angeishia hapo. Mativo usiku ule, Nthoki aliniambia baadaye, alikaa kitandani akauliza, "Hivi simba hugeuka juu ya bega gani?"

Nthoki akamwambia alale. Lakini swali lilikuwa limeingia. Miaka thelathini ya simba, maelfu ya simba, na alikuwa hajamwona hata mmoja. Jumapili akavaa koti lake la kwenda nyumbani, Nthoki akafunga kitambaa kipya, wakapanda basi mpaka kule mbugani kwenye kituo cha wanyama yatima, ambako hata sisi wananchi tunaingia na kuwaona wanyama kwa karibu. Nthoki alisema ni mara ya kwanza kutembezwa tangu arusi, na kwamba anamshukuru paka.

Walirudi jioni. Nthoki alivua viatu kabla ya kunisalimu.

"Mama Phares, nimesimamishwa mbele ya simba mmoja tangu saa nne mpaka saa tisa. Watu wanakuja, wanaondoka, sisi tupo. Askari wa pale akatuuliza kama tumepoteza kitu."

"Na mzee alimwambia nini?"

"Alimwambia, tulikuwa tumepoteza."

Mativo alikuwa tayari ameketi kwenye kigogo chake, koti hajavua, anapapasa gogo la duka kwa kidole, upande huu, upande ule.

"Wanalala vile vile," akaniambia. "Ubavu vile vile. Akipiga mwayo, vile vile. Alipoletewa nyama akaenda nayo pembeni, chini chini, akageuza kichwa atutazame. Mama Phares, miaka kumi simba alikuwa amelala kwenye kikapu changu, nami namchonga wa mjomba."

"Na ile sura ya Karani?" nikamuuliza. "Bado inakutoka?"

Akafikiri, kama mtu anayepapasa mfukoni kuhakikisha kitu kipo.

"Ikinitoka," akasema, "najua basi la kupanda."