Nabii Aliyemponya Riziki

Chumba cha maombezi kilinuka mkojo, na juu ya mkojo huo nabii alinyunyiza manukato yake ya bei rahisi. Miaka ile ya vita vya pili vya nchi yetu, hiyo ndiyo huduma pekee iliyokuwepo katika mji wetu wa Baraka, kando ya ziwa, kwa mtu aliyeyumba akili. Kituo cha afya kilikuwa kimeporwa hadi milango, na muuguzi aliyebaki alikuwa na vidonge vya malaria tu, tena siku za bahati. Kwa hiyo wote, waliozaliwa hivyo na waliovurugwa na risasi, walipelekwa kwa nabii, mtu mnene kuliko wote katika mji wenye njaa. Yeye aliwafunga kamba mguuni, kila mtu na nguzo yake, akaita kazi hiyo upendo. Namdharau hadi leo na sioni haja ya kulificha hilo.

Dada yangu Riziki hakuwa mgonjwa. Alizaliwa mzito wa kuelewa, basi. Maneno yake yalikuwa machache, lakini pale ufukweni hakuna aliyeanika ndagala, wale dagaa wa ziwa letu, vizuri kumshinda. Aliwatandaza mchangani bila mmoja kumlalia mwenzake, na akimaliza alicheka peke yake kwa raha. Mama aliridhika naye. Kisha wanajeshi waliokalia mji wakapiga marufuku kuvua usiku kwa taa, ndagala wakaadimika, na majirani zetu mashujaa wakaona afadhali kumlaumu msichana kuliko kuwalaumu wenye bunduki. Nabii akaitwa. Alimtazama kidogo tu, akatoa hukumu.

“Mama, huyu mutoto wako iko na roho ya ziwa. Anachekaka na bale ba chini ya maji.”

Mama alikataa. Wenye mitumbwi wakamwambia kwamba hatapewa tena samaki wa kuanika, hata wale wachache waliopatikana, mpaka binti aombewe. Sisi tuliishi kwa samaki hao. Akampeleka, akilia njia nzima.

Dawa ya roho ya ziwa ilikuwa njaa. Riziki asile, na samaki asimguse kabisa, kwa kuwa eti ndicho chakula cha pepo. Sisi tuliagizwa kuleta ugali na kuku kwa ajili ya waombezi, nao walikula mbele yake wakilamba vidole, watu wa Mungu wasio na haya. Wakishashiba walipiga ngoma na kumfokea masikioni, “Toka! Toka!” Riziki, mtiifu siku zote, aliinuka atoke, na kamba ikamwangusha. Hilo nalo likahesabiwa kuwa ukaidi wa pepo. Mwishowe aliacha kucheka, na nabii akatangaza kwamba anaanza kupona.

Asubuhi moja risasi zikalia karibu sana. Nabii, ambaye kila siku alikemea majeshi ya kuzimu, alisikia jeshi la duniani akaruka dirishani. Waombezi wakamfuata. Sisi tulikuwa tayari tumeshika njia ya kukimbilia kijiji cha Swima pamoja na umati, lakini Mama aligeuka, nami nikamkimbilia nyuma. Tulimkuta Riziki na wenzake bado wamefungwa kwenye nguzo, wanalia. Mama akakata kamba zote kwa kisu cha kumenyea mihogo. Mwombezi mmoja, aliyerudi kuchukua godoro lake, alithubutu kupiga kelele mlangoni.

“Mama, wacha! Hajamaliza siku zake! Pepo itarudi!”

“Irudi tu!” Mama akamjibu bila kuinua kichwa. “Mi nataka mutoto wangu na pepo yake.”

Tulimbeba Riziki kwa zamu hadi Swima, kwa maana miguu yake haikuwa na nguvu.

Leo Baraka ina mabango, magari meupe ya mashirika ya wageni, na vijana wenye fulana zilizoandikwa “afya ya akili”. Kuna dawa sasa, na wauguzi wengine wanajua kazi, siwezi kuwanyima hilo. Mwaka jana walitualika kwenye kikundi cha familia kama yetu, nikampeleka Riziki. Mwenyekiti wa kamati, aliyechaguliwa kwa hekima zote za wageni hao kuwa mwakilishi wa jamii, alikuwa nabii yuleyule, mnene vilevile. Alisimama, akakohoa, akasema, “Tuombe.” Watu wakainamisha vichwa. Dada yangu, mtu mzima mwenye mvi, akavua kandambili, akanyoosha mguu mbele yake, akangoja afungwe.